Grafu Iliyotembea Hadi Ukurasa wa Nne

Mwenye lori la Mau Narok alisimama katikati ya mkutano wa kamati ya ushirika wa maziwa, daftari lake la risiti za mizani mkononi, akasema, "Hapana." Karatasi iliyokuwa mezani ilikuwa na kichwa safi, Maziwa kwa Njia, Agosti, na chini yake pau saba za buluu. Ya Mau Narok ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote. Kamati ilikuwa imekwisha kuelewana kwamba njia hiyo haihitaji lori, pikapu ingetosha, na kilichobaki kilikuwa kuandika tu kwenye kumbukumbu. Naye akawaambia kwamba Agosti hiyo hiyo alirudi kituoni mara mbili kwa siku kwa sababu mikebe haikutosha lorini.

Kesho yake nikapigiwa simu. Mimi hufundisha kompyuta hapa Nakuru, mjini kama tunavyozoea kusema, ingawa tangu tarehe 1 Desemba 2021 ni jiji. Ushirika wenyewe sitautaja. Hukusanya maziwa upande wa Njoro kwa njia saba: Njoro mjini, Kihingo, Lare, Nessuit, Mauche, Likia na Mau Narok. Mwenyekiti alinipokea mlangoni.

"Mwalimu, watu wameanza kusema tunawapunja kwa kompyuta."

"Mzee, nipe hilo daftari la risiti kwanza. Faili baadaye."

Nilianza na risiti kwa sababu grafu ikikosea, mara nyingi ni data iliyokosea na grafu imefuata tu. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Risiti zilikuwa kwa kilo na lahajedwali kwa lita, kwa hiyo ilibidi nigawanye kwa 1.03, maana lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Wafugaji wengi hudhani kilo na lita za maziwa ni kitu kimoja, na tofauti hiyo ya asilimia tatu imewahi kuzua ugomvi mkubwa kuliko huu, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Baada ya hesabu, jedwali na daftari vilikubaliana. Mau Narok kwa Agosti ilikuwa ya pili kwa wingi kati ya njia zote saba. Takwimu zilikuwa sawa, karani alikuwa ameingiza kila kitu, na karatasi ya mkutano ilikuwa ikisema uongo.

Nikaifungua faili na kuitafuta grafu ile. Hapo ndipo ajabu ilipoanzia: sikuiona. Chini ya jedwali kulikuwa na grafu, lakini si ile. Hiyo ilikuwa na pau nyingi za rangi rangi, na kichwa chake kilikuwa maneno ambayo Excel huweka yenyewe mtu asipoandika kitu, "Chart Title". Ile ya pau saba za buluu niliikuta mbali kulia, baada ya kusogeza skrini hadi nikadhani nimepotea, imekaa peke yake kwenye seli tupu.

Bonyeza pau yoyote ndani ya grafu ya Excel, kisha tazama sehemu ya fomula juu. Utaona data inatoka wapi. Yangu ilisoma hivi:

=SERIES(Muhtasari!$B$4,Muhtasari!$A$5:$A$11,Muhtasari!$B$5:$B$11,1)

Safu wima B ni Januari. Agosti iko safu wima I. Kumbe kamati ilikuwa imeketi ikiangalia maziwa ya Januari, mwezi wa kiangazi ambapo nyasi za Mau zimekauka na ng'ombe wanatoa kidogo, chini ya kichwa kinachosema Agosti, na kwa karatasi hiyo ilikuwa karibu kumnyang'anya mtu kazi.

Swali likawa: kichwa kimejuaje kubadilika kila mwezi, na data isijue?

Nikabonyeza Alt na F11 kuufungua msimbo. Karani wa ushirika, dada mmoja mwangalifu sana, wakati huo alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Januari alikuwa ametumia kinasa cha makro, yaani chombo cha kuhifadhi hatua ili Excel izirudie yenyewe: unawasha kinasa, unachora grafu kwa mkono, unazima, halafu unaipa kitufe. Si jambo la kuchekwa. VBA, lugha ambayo makro huandikwa, imekuwa ndani ya Excel tangu toleo la 5 la mwaka 1993, na nusu ya watu wanaoijua walianza kwa kunasa vivyo hivyo. Februari aliona kwamba makro inachora Januari tena na tena, kwa kuwa kinasa hukariri eneo la seli lilivyokuwa siku ile. Akamwomba binamu yake, mwanafunzi wa chuo, airekebishe. Kijana akabadilisha mistari miwili, akafanya kazi nzuri, akaenda zake. Kilichobaki kilikuwa hiki:

Range("A4").Select
ActiveSheet.Shapes.AddChart2(201, xlColumnClustered).Select
ActiveChart.SetSourceData Source:=Range("A4").CurrentRegion
ActiveSheet.ChartObjects("Chart 1").Activate
ActiveChart.ChartTitle.Text = Range("A1").Value
ActiveSheet.Shapes("Chart 1").IncrementLeft 36

Isome polepole, kisa kizima kimo humo. Mstari wa pili unachora grafu mpya. Wa tatu unaipa hiyo grafu mpya eneo zima la data, na CurrentRegion hupanuka yenyewe mwezi ukiongezwa. Huo ni mkono wa binamu. Mstari wa nne unaiacha grafu mpya na kwenda kuishika "Chart 1". Siku ya kunasa, "Chart 1" ndiyo iliyokuwa grafu mpya, kwa hiyo kila kitu kilienda sawa. Lakini Excel haitoi jina moja mara mbili: ukibonyeza kitufe tena inazaliwa "Chart 2", kisha "Chart 3", na makro inaendelea kumtafuta kifungua mimba. Mstari wa tano unakisoma kichwa cha mwezi mpya kwenye seli A1 na kukibandika kwenye grafu ya zamani. Grafu mpya inabaki bila jina.

Mstari wa sita ndio uliofafanua kule kutembea. Siku ya kunasa, karani aliisogeza grafu kidogo kulia kwa kipanya ili isizibe maandishi. Kinasa hakikuandika "iweke hapa". Kiliandika "isogeze pointi 36 kutoka pale ilipo". Inchi moja ni pointi 72, kwa hiyo kila kitufe kilipobonyezwa, grafu ya Januari ilipiga hatua ya nusu inchi kulia, ikivaa kichwa kipya kila safari.

Ilikuwa imepiga hatua ngapi? Katika dirisha la Immediate, linalofunguka kwa Ctrl na G ukiwa ndani ya kihariri, niliandika ? ActiveSheet.ChartObjects.Count. Jibu: 44. Grafu 43 zimelaliana chini ya jedwali kama chapati kwenye sahani, na moja iko safarini. Hatua 44 za nusu inchi ni inchi 22, ambazo kwenye karatasi ya A4 iliyosimama zinakufikisha ukurasa wa nne. Kwa bahati mbaya iliangukia ndani ya ukurasa huo ikiwa nzima, bila kukatwa na mpaka wa karatasi. Ingekatwa vipande viwili, huenda mtu angeshtuka.

Na kwa nini kosa hilo lisionekane kwa miezi saba? Karani alikuwa na mazoea yake: akishabonyeza kitufe aliandika kichwa kwa mkono kwenye grafu ya juu, akachapisha ukurasa wa kwanza tu. Mazoea hayo hayakuandikwa popote. Kijana aliyemshikia kazi alibonyeza kitufe, akachapisha faili yote, akapata kurasa nne. Ya kwanza ilikuwa na grafu ya rangi rangi isiyo na jina, mbili za kati nyeupe, ya nne ilikuwa na grafu nadhifu yenye kichwa sahihi. Wewe ungepeleka ipi kwa kamati? Mimi pia ningepeleka ya nne, na ndiyo maana sikukubali mwenyekiti alipotaka kumwandikia kijana barua ya onyo.

Sasa marekebisho, na hapa nikiri kosa langu. Nilitaka kwanza kufagia zile grafu 44, nikaandika kwa haraka mzunguko unaofuta kila kilichomo ndani ya Shapes. Ulifuta. Ulifuta pia nembo ya ushirika na kitufe chenyewe, kwa sababu kwa Excel picha, kitufe na fremu ya grafu vyote ni Shapes. Nikakimbilia Ctrl na Z: hakuna. Makro inapobadilisha kitu, Excel husahau hatua zote za nyuma, huwezi kurudi. Bahati yangu nilikuwa nimenakili faili kabla ya kugusa chochote. Ukitaka kufuta grafu pekee, pitia ChartObjects. Na ukitaka kwanza kuona kilichomo kwenye karatasi kabla ya kufuta, Alt na F10 hufungua orodha ya vitu vyote kwa majina. Ningeanza na hiyo ningeokoa nusu saa.

Msimbo niliouacha, ukiondoa mapambo, ni huu:

Sub ChoraGrafu()
Dim ws As Worksheet, eneo As Range
Dim fremu As ChartObject, i As Long
Set ws = ThisWorkbook.Worksheets("Muhtasari")
Set eneo = ws.Range("A4").CurrentRegion
For i = ws.ChartObjects.Count To 1 Step -1
If ws.ChartObjects(i).Name = "GrafuNjia" Then ws.ChartObjects(i).Delete
Next i
Set fremu = ws.ChartObjects.Add(20, 260, 560, 280)
fremu.Name = "GrafuNjia"
With fremu.Chart
Do While .SeriesCollection.Count > 0
.SeriesCollection(1).Delete
Loop
.ChartType = xlLine
.SetSourceData eneo, xlRows
.HasTitle = True
.ChartTitle.Text = ws.Range("A1").Value
.Axes(xlValue).MinimumScale = 0
End With
End Sub

Tofauti kubwa na ule wa zamani ni kwamba grafu inashikwa kwa mkono tangu inapozaliwa. Fremu ndiyo hiyo hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna kuiacha na kwenda kumtafuta mwenye jina la kubahatisha. Namba nne za mahali ni pointi kutoka kushoto, kutoka juu, upana na kimo, kwa hiyo grafu inakaa pale pale kila mara. Kufuta kunaanzia nyuma kwenda mbele, kwa sababu ukifuta ya kwanza, ya pili inakuwa ya kwanza na mzunguko unairuka. Ule mzunguko mfupi wa SeriesCollection unaonekana wa kipuuzi: kwa nini kufuta mistari kwenye grafu iliyochorwa sasa hivi? Kwa sababu Excel ina kiherehere. Kama seli iliyochaguliwa iko ndani ya jedwali, inaweza kuijaza grafu mpya kwa kubahatisha kabla hujasema neno.

Neno xlRows ndilo lililotibu ugonjwa wa pili, ambao kamati haikuujua. Ile grafu ya rangi rangi ya ukurasa wa kwanza ilikuwa na data sahihi, lakini imepinduka. Miezi ya mwanzo, njia saba zilikuwa kwenye mhimili wa chini na kila mwezi ulikuwa na rangi yake. Kufikia Agosti, njia ndizo zilizokuwa na rangi na miezi imeshuka chini. Hakuna aliyebadilisha chochote. Usipoieleza Excel ipange kwa safu mlalo au safu wima, huhesabu yenyewe na kuweka kwenye mhimili wa chini upande ule wenye vitu vingi. Njia ni saba. Agosti miezi ilikuwa minane. Mtu akifungua faili Machi na mwingine Septemba, wanaona grafu mbili tofauti kutoka kwenye kitufe kimoja, na kila mmoja atakula kiapo kwamba yake ndiyo sahihi. Kwa swali la kamati, njia fulani inaongezeka au inapungua, miezi lazima iwe chini na kila njia iwe mstari wake, mwaka mzima. Ndiyo sababu niliachana na pau.

Sifuri kwenye mhimili wa wima niliiweka kwa makusudi. Takwimu zikikaribiana sana, Excel hukata mguu wa mhimili na kuanzia juu, na tofauti ya mikebe michache ikaonekana kama maporomoko. Kuna wanaosema grafu ya mistari haihitaji sifuri. Kwa mhandisi, sawa. Kwa watu wanaoamua lori la nani libaki barabarani, naweka sifuri.

Jedwali nalo liliguswa kidogo. Seli ya kona, A4, tuliiacha tupu, maana mwaka ambapo mtu ataandika 2023 au 2024 juu ya safu badala ya majina ya miezi, kona tupu ndiyo inayoiambia Excel kwamba hizo ni vichwa, si lita. Safu mlalo ya Jumla tuliishusha, tukaacha mstari mmoja mtupu juu yake, kwa kuwa CurrentRegion husimama penye utupu. Bila hivyo Jumla inaingia kwenye grafu na njia zote saba zinabanwa chini kama nyasi zilizokanyagwa.

Kituo cha kupozea maziwa kina kompyuta ndogo kuukuu yenye Excel 2010. Makro ya zamani ilikuwa ikikatalia huko kwa hitilafu namba 438, na kijana wa kituo alikuwa ameambiwa mashine yake ina virusi. Haikuwa na virusi. AddChart2 ilikuja na Excel 2013, na mashine ile haijawahi kuisikia. ChartObjects.Add ni ya zamani na inaeleweka kotekote. Faili yenyewe nilipoituma kwa barua pepe kwenye mashine yenye Excel mpya ilifunguka na utepe mwekundu, makro zimezuiwa: tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Unabofya faili kwa kitufe cha kulia, unaingia Properties, unaweka alama penye Unblock. Fanya hivyo kwa faili ya mtu unayemjua tu.

Niseme pia kwamba kwa grafu moja tu, makro haikuhitajika hata kidogo. Ungeligeuza jedwali kuwa Table kwa Ctrl na T, ukachora grafu mara moja, nayo ingekuwa inakua yenyewe kila mwezi. Nilimwambia mwenyekiti hivyo, akacheka. "Sasa mwalimu unajinyima kazi." Lakini baada ya lile zogo, kamati ilitaka kila njia ipate grafu yake ibandikwe ukutani pale wafugaji wanapopima, na itumwe kwenye kundi la WhatsApp la njia hiyo. Saba kila mwezi, kwa mkono, ni karaha. Hapo makro inajilipia. Mzunguko unapita safu mlalo moja moja, unachora, kisha Export inaihifadhi kama picha yenye jina la njia. Mara ya kwanza picha mbili zilitoka nyeupe, nilipoongeza fremu.Activate kabla ya Export zikatoka zote.

Picha ya kwanza kutumwa ilikuwa ya Mau Narok. Lori lilibaki.

Karani aliporudi kazini nilikwenda kumwonyesha. Sikutaka apate mashine asiyoijua kwenye meza yake mwenyewe. Tulipita msimbo mstari kwa mstari kwa F8, yeye akibonyeza, mimi nikinyamaza. Alipofika kwenye xlLine akasimama.

"Mwalimu, Januari nikifungua faili mpya kutakuwa na mwezi mmoja tu. Mstari utatoka wapi hadi wapi?"

Sikuwa nimelifikiria. Tulifuta miezi yote kwenye nakala tukaacha Januari, tukabonyeza kitufe. Kichwa kilikuwepo, mihimili ilikuwepo, katikati palikuwa peupe, kwa sababu nukta moja haina nyingine ya kuunganishwa nayo. Akacheka, akafuta xlLine mwenyewe, akaandika xlLineMarkers, akabonyeza tena. Nukta saba zikatokea.